Intaneti Imekatika? Ulizeni Ruta Kwanza



Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina intaneti katika ofisi au nyumba ya mikutano. Wengine wamevutiwa waya wa faiba kutoka barabarani. Wengine wana ruta ya laini ya simu, ile ya kutia kadi ndani. Kazi zinazotegemea mtandao huo si mchezo: hesabu za akiba na mikopo, bei za sokoni, fomu za eCitizen, masomo ya watoto jioni. Vikundi vingine hutoza ada ndogo kwa anayetaka kutumia kompyuta, na fedha hizo huingia katika mfuko wa kikundi.

Sasa, siku mtandao ukikatika, mambo huwa ni yale yale. Mmoja anasema watu wa kampuni ni wezi. Mwingine anasema yule kijana wa kompyuta amegusa kitu. Wa tatu ananong'ona ati mweka hazina hakulipa. Halafu fundi anaitwa kutoka mjini. Analipwa nauli na ujira, anafika, anasukuma waya uliokuwa umelegea, na kazi imekwisha kwa dakika moja.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kikundi kinalipa shilingi 3,000 kwa mwezi. Kila siku ni shilingi 100. Mkikaa siku 6 mkimngojea fundi, mmepoteza shilingi 600. Mkimlipa fundi shilingi 1,500, jumla imekuwa 2,100. Hiyo ni zaidi ya thuluthi mbili ya malipo ya mwezi mzima! Na hapo hatujahesabu ada ambazo hazikuingia, wala maneno yaliyosemwa kati ya wanakikundi, ambayo huchukua muda mrefu zaidi kutengenezwa.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kutafuta mahali ambapo mtandao umekatika, kwa kutumia ruta yenyewe. Si lazima mtu awe amesomea kompyuta. Mwenye kujua kusoma, kuandika namba na kuwa na subira, anaweza.

NI KAMA MRADI WA MAJI

Wengi wenu mnaujua mradi wa maji. Mfereji ukikauka nyumbani, hamfukui bomba lote kuanzia kwenye chemchemi. Mnauliza kwanza kwa jirani. Mnaangalia tangi. Mnakwenda kwenye koki ya njia panda. Pale ambapo maji yapo upande huu na hayapo upande ule, hapo ndipo penye shida.

Intaneti ni vivyo hivyo. Safari yake ina vipande vinne:

1. Kutoka kwa simu au kompyuta mpaka kwa ruta. Kipande hiki kiko ndani ya nyumba. Huwa ni waifai au waya.

2. Ruta yenyewe, pamoja na stima yake.

3. Kutoka kwa ruta mpaka kwa kampuni inayowauzia mtandao. Hapa hupita faiba, au mawimbi ya mnara wa simu, au dishi la setilaiti.

4. Kutoka kwa kampuni mpaka ulimwengu wote.

Vipande viwili vya kwanza ni vyenu. Viwili vya mwisho ni vya kampuni. Basi jambo kubwa tunalotaka mlishike ni hili: jueni shida iko katika kipande gani kabla ya kutoa shilingi. Ruta imekaa katikati, kama tangi. Inaona ndani na inaona nje. Ndiyo sababu tunasema iulizwe kwanza.

HATUA YA KWANZA: SOMENI TAA

Watu wengi mtandao ukipotea hukimbilia kuizima ruta na kuiwasha. Subirini kidogo. Kabla ya kuzima, tazameni taa na kuandika mnachokiona. Mkizima, mnafuta alama za njia, kama mtu anayefagia uwanja kabla ya kutazama nyayo za mwizi.

Taa ya stima. Kwa kawaida imeandikwa Power, au PWR. Ikiwa haiwaki, msifikirie kampuni kwanza. Tazameni soketi, ekstensheni na tokeni za stima. Chomekeni simu katika soketi hiyo hiyo mwone kama inachaji. Kama soketi ni nzima, huenda ni adapta iliyoungua. Mkinunua adapta nyingine, someni maandishi yaliyo juu yake. Namba ya volti, yaani ile yenye herufi V, ni lazima iwe sawasawa na ya kwanza. Namba ya ampea, yenye herufi A, iwe sawa au kubwa zaidi. Na ule mchoro mdogo wa alama za + na − ufanane. Adapta isiyo sahihi inaweza kuiua ruta.

Taa za faiba. Ruta nyingi za faiba zina taa mbili za kutazama, PON na LOS. PON ikiwaka bila kupepesa, faiba imeunganishwa na mitambo ya kampuni. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa kampuni haufiki kwenye ruta yenu. Hapo fuateni waya wa faiba kwa macho, tangu kwenye ruta mpaka unapotoka nyumbani. Je, umebanwa na mlango? Umekunjwa kwenye kona? Mbuzi ameutafuna? Ndani ya waya huo mna uzi mwembamba wa kioo, na habari hupita humo kwa mwanga. Ukikunjwa sana, mwanga huvuja au uzi huvunjika. Waya uliovunjika msijaribu kuufunga kwa utepe kama waya wa stima. Hautashika. Hiyo ni kazi ya kampuni. Na msiutazame mwisho wa faiba kwa jicho: mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru.

Taa ya mtandao. Huandikwa Internet, au WAN. Ikiwa taa ya faiba ni nzuri lakini hii imezimika au ni nyekundu, mara nyingi njia ipo lakini kampuni haijairuhusu ruta kuingia. Sababu moja ya kawaida ni malipo kuisha. Tazameni risiti ya mwisho kabla ya kumshuku mtu yeyote.

Taa hutofautiana kwa kila aina ya ruta. Kwa hiyo fanyeni kazi moja ndogo wiki hii, mtandao ukiwa mzima: andikeni ni taa zipi zinawaka, na kwa rangi gani. Bandikeni karatasi hiyo ukutani. Siku ya shida mtalinganisha.

HATUA YA PILI: NI KIFAA KIMOJA AU VYOTE?

Chukueni simu mbili au tatu na kompyuta, mjaribu zote kwenye waifai. Angalieni jambo moja: simu yenye bando inaweza kuwadanganya. Waifai ikishindwa, simu huenda ikahamia bando lake kimya kimya, nanyi mkadhani ruta inafanya kazi. Kwa hiyo zimeni data ya simu kwanza, mbaki na waifai peke yake.

Kama simu moja tu ndiyo inayokataa, shida ni ya simu hiyo. Iambieni iusahau mtandao huo, kisha iunganishwe upya na kuandikiwa paswadi.

Kama vifaa vyote vinakataa waifai, lakini kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya inafanya kazi, basi shida ni ya waifai. Kampuni haihusiki.

Kama vyote vinakataa, hata kwa waya, tunaendelea na hatua ya tatu. Lakini sasa mnaweza kuizima ruta. Chomoeni stima, hesabuni polepole mpaka 30, chomekeni, kisha ngojeni dakika 5 bila kuigusa. Fanyeni hivyo mara moja tu. Kuzima na kuwasha mara kumi hakuongezi dawa.

HATUA YA TATU: INGIENI NDANI YA RUTA

Hapa ndipo wengi huogopa bure. Ruta ina kurasa zake za ndani, na kurasa hizo hufunguka hata intaneti ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu hamtoki nje ya nyumba. Ni kama kuingia katika chumba cha pampu.

Igeuzeni ruta mtazame kibandiko chini yake. Kuna anwani ya namba, jina na paswadi. Anwani za kawaida ni 192.168.0.1, au 192.168.1.1, au 192.168.8.1, au 192.168.100.1. Fungueni programu ya kusomea kurasa za intaneti, kama Chrome, mkaandike namba hiyo juu kabisa, pale mnapoandika anwani za kurasa nyingine.

Ukurasa ukifunguka, mmekwisha kujua jambo moja kubwa: kipande cha kwanza ni kizima. Simu yenu inaifikia ruta. Ukikataa, tazameni namba ambayo simu au kompyuta yenu imepewa. Ikianza na 169.254, maana yake kifaa kimeomba anwani kwa ruta kisipewe, kikajitungia yake. Basi shida iko kati ya kifaa na ruta.

Ndani ya ruta tafuteni neno Status. Hapo mtaona habari kuhusu hali ya ruta. Msibadilishe kitu, someni tu.

Anwani ya WAN. Hii ni anwani ambayo kampuni imeipa ruta yenu. Ikiwa ni 0.0.0.0, au pako tupu, kampuni haijawapokea. Shida iko katika kipande cha tatu, au katika malipo.

Nguvu ya mwanga, kwa wenye faiba. Huonyeshwa kwa namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwa faiba ya kawaida ya nyumbani, mwanga unaopokelewa unatakiwa kuwa kati ya −8 na −27. Kumbukeni kwamba hizi ni namba za chini ya sufuri: −20 ni bora kuliko −26. Mkiona −29, mwanga umedhoofika njiani, hata kama taa bado ni ya kijani. Ruta ya namna hiyo hukatika-katika, hasa mkigusa waya.

Nguvu ya mawimbi, kwa wenye ruta ya laini. Tafuteni herufi RSRP. Namba ikiwa karibu na −80 ni nzuri. Ikifika −100 imekuwa dhaifu. Ikipita −110, msitegemee kitu. Isogezeni ruta dirishani upande wa mnara, msome tena. Mita mbili tu zaweza kubadilisha namba hiyo.

HATUA YA NNE: PIGENI HODI KWA PING

Kuna kipimo kimoja kidogo sana kiitwacho ping. Kilitungwa na Mike Muuss huko Marekani mwezi wa Desemba mwaka 1983. Jina lake linatokana na mlio wa chombo ambacho manowari hutumia kutafuta vitu majini: hupeleka mlio, kisha husikiliza mwangwi. Nasi kwetu twaweza kusema ni kupiga hodi. Mnatuma ujumbe mfupi kwenye anwani fulani, na kama kuna mtu nyumbani ataitikia "karibu". Kipimo kinahesabu muda uliopita kati ya hodi na karibu. Muda huo huandikwa kwa milisekunde, au ms. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja.

Katika kompyuta ya Windows, andikeni cmd mahali pa kutafutia programu. Litafunguka dirisha jeusi. Ndani yake andikeni neno ping, nafasi, halafu anwani, kisha bonyezeni Enter. Kompyuta itapiga hodi mara 4.

Ruta nyingi nazo zina ping ndani yake. Tafuteni ukurasa ulioandikwa Diagnostics. Mara nyingi umefichwa chini ya System Tools, au Maintenance, au Advanced. Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa sababu mnaweza kupiga hodi mkiwa kwenye kompyuta, halafu mkaiambia ruta ipige hodi yenyewe. Majibu mawili yakitofautiana, mmeiona koki iliyofungwa. Ruta nyingine zilizotolewa na kampuni hazimfungulii mteja ukurasa huo. Basi tumieni kompyuta iliyochomekwa kwa waya.

Fanyeni vipimo hivi vinne, kwa utaratibu huu:

A. Kutoka kwa kompyuta kwenda kwa ruta. Kwa mfano: ping 192.168.1.1

B. Kutoka kwa ruta kwenda 8.8.8.8. Hii ni anwani ya huduma ya Google ambayo huitikia hodi za watu wote. Mnaweza kuhakikisha kwa 1.1.1.1, ambayo ni ya kampuni ya Cloudflare.

C. Kutoka kwa ruta kwenda kwa jina, kama www.google.com

D. Kutoka kwa kompyuta kwenda 8.8.8.8

Sasa someni majibu:

– A inashindwa: shida iko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta.

– A inajibu, B inashindwa: shida iko nje, upande wa kampuni. Pigieni kampuni simu. Fundi wa mjini hana la kufanya hapa.

– B inajibu, D inashindwa: ruta inaifikia dunia lakini kompyuta yenu haifiki. Shida ni ya kompyuta, au kuna kizuizi kimewekwa ndani ya ruta.

– B inajibu, C inashindwa: njia ni nzima, majina ndiyo yamepotea.

Hili la mwisho linahitaji maelezo. Kompyuta husafiri kwa namba, lakini sisi tunaandika majina. Kwa hiyo kuna huduma iitwayo DNS, ambayo ni kama kitabu cha namba za simu: unaipa jina, inakupa namba. DNS ya kampuni ikianguka, hakuna ukurasa utakaofunguka, na watu wote watasema intaneti imekatika. Kumbe ni kitabu tu kilichofungwa. Katika kurasa za ruta kuna mahali pa kuandika DNS. Andikeni kwanza namba zilizokuwapo, ili muweze kuzirudisha, halafu tieni 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Mara nyingi mambo hurudi saa ile ile.

Tahadhari: si kila nyumba huitikia hodi. Kurasa nyingine zimewekwa zikatae ping kwa sababu ya usalama, na bado zinafanya kazi vizuri. Ndiyo maana tumechagua anwani ambazo huitikia.

KUFUATA NJIA MPAKA MBALI

Ndugu yake ping huitwa traceroute. Katika Windows huandikwa tracert 8.8.8.8. Huyu hatosheki na mlango wa mwisho. Anataja kila kituo njiani, kama utingo wa matatu. Mstari wa kwanza ni ruta yenu. Unaofuata kwa kawaida ni kampuni yenu. Halafu vituo vingine mpaka mwisho.

Mkiona nyota (* * *) katika mstari mmoja katikati, na mistari inayofuata inaendelea vizuri, msiwe na wasiwasi. Kituo hicho hakikupenda kujibu, lakini kinapitisha mizigo. Mkiona nyota tangu mstari fulani mpaka mwisho, na kurasa nazo hazifunguki, basi tazameni mstari wa mwisho uliojibu. Karibu na hapo ndipo njia ilipokatika.

Kipande cha nne nacho huvunjika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilidhoofika Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, ruta yenu ni nzima, waya wenu ni mzima, na hodi kwa ruta inaitikiwa upesi. Ni safari za ng'ambo tu zinazochelewa au kupotea. Mkiona hivyo, tulieni. Msibadilishe kitu wala msimlipe mtu.

KAMA MTANDAO UPO LAKINI UNATAMBAA

Shida nyingine si kukatika, ni kwenda polepole. Hapo tazameni mambo mawili katika majibu ya ping: muda, na hodi zilizopotea. Hodi zilizopotea huandikwa kwa asilimia kando ya neno loss. Ikiwa 0% ni vizuri. Mkipiga hodi nyingi na kuona 10% zimepotea, mazungumzo ya simu kupitia intaneti yatakatika-katika.

Mtauliza, muda mzuri ni upi? Kwa ruta yenu wenyewe, kwa waya, hodi hujibiwa kwa milisekunde moja au mbili. Kwa waifai nzuri, chini ya 10 hivi. Kwa mahali pa mbali hakuna namba moja. Mwanga ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200 kwa kila milisekunde. Nairobi mpaka London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Basi kwenda na kurudi ni milisekunde 68, hata kama hakuna kituo chochote njiani, na nyaya hazipiti njia iliyonyooka. Kwa hiyo msilinganishe na mtu wa mji mwingine. Linganisheni na namba zenu wenyewe za siku nzuri.

Kama hodi kwa ruta yenyewe inachukua milisekunde 200 au inapotea, ni waifai. Mawimbi ya waifai hayapendi chuma. Ukuta wa mabati, kabati la chuma au tangi la maji huyazuia sana. Iwekeni ruta mahali pa juu, pa wazi, katikati ya nyumba. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: ya 2.4 hufika mbali zaidi na kupenya kuta, ya 5 huenda kasi lakini hufika karibu. Kwa chumba cha nyuma tumieni ya 2.4.

Kama hodi kwa ruta ni nzuri lakini 8.8.8.8 inachelewa, tazameni kwanza katika ruta ni vifaa vingapi vimeunganishwa. Pengine kuna simu kumi msizozijua, zenye paswadi yenu, zinatazama video. Ondoeni vyote, mbaki na kompyuta moja kwa waya, mpime tena. Kama bado inatambaa, hilo ni la kampuni.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Kuna tundu dogo nyuma ya ruta lililoandikwa Reset. Msilichome kwa sindano eti kujaribu. Huko si kuzima na kuwasha. Huko ni kufuta kila kitu, pamoja na jina na paswadi ambazo kampuni iliandika ndani. Baada ya hapo huenda hata mtandao uliokuwa mzima usirudi mpaka kampuni iandike upya.

Badilisheni paswadi ya kuingia ndani ya ruta ikiwa bado ni ile ya kiwandani. Mtu yeyote aliye kwenye waifai anaweza kuijaribu. Paswadi mpya ijulikane na watu wawili walioteuliwa, na nakala iwekwe katika sanduku la kikundi.

DAFTARI LA MTANDAO

Kikundi kisicho na daftari la fedha hakidumu. Mtandao nao unataka daftari lake. Kila mara shida ikitokea, andikeni: tarehe na saa, rangi za taa, anwani ya WAN, nguvu ya mwanga au ya mawimbi, majibu ya vipimo A, B, C na D, mliyempigia simu, namba ya malalamiko aliyowapa, na saa mtandao uliporudi.

Tazameni tofauti. Mtu akipiga simu kwa kampuni akisema, "Mtandao haufanyi kazi," ataambiwa azime ruta na kuiwasha, na hapo ndipo mazungumzo huishia. Lakini akisema, "Tangu saa mbili asubuhi taa ya LOS ni nyekundu, tumeangalia waya wa ndani ni mzima, na jana mwanga ulikuwa −28," mhudumu anajua anazungumza na watu waliokwisha kupima. Mara nyingi atamwelekeza fundi wa faiba moja kwa moja.

Daftari pia ni haki yenu. Kenya ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, za mwaka 2010, na kampuni zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Anzeni kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi. Wasiporidhisha, pelekeni lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na nakala ya daftari. Mwenye tarehe na namba husikilizwa kuliko mwenye hasira.

Na faida nyingine si ya fedha. Vipimo vikionyesha kwamba shida iko katika kipande cha tatu, kijana wa kompyuta hana lawama. Risiti ikionyesha malipo yamefanywa, mweka hazina hana lawama. Kikundi kinabaki kitu kimoja.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mwezi uliopita mtandao wetu ulikatika siku ngapi? Tulipoteza shilingi ngapi?

2. Ni watu gani wawili tutawafundisha kufanya vipimo hivi? Je, mmoja wao ni mama, na mmoja wao ni kijana?

3. Ruta yetu imewekwa wapi? Je, hapo ni mahali pazuri?

4. Nani atatunza daftari, na litasomwa katika mkutano upi?

Kazi ya wiki hii: mtandao ukiwa mzima, chukueni saa moja. Andikeni rangi za taa, ingieni ndani ya ruta, someni namba, na mfanye vipimo vyote vinne. Mkiisha kuzijua namba za siku nzuri, siku mbaya haitawapata mikono mitupu.